Juzuu ya Zaina

Bi Sihaba wa Dunda alijulikana mtaani kwa mambo mawili: kigelegele chake na binti yake. Kigelegele hakikuwa na haja ya maelezo. Akikipiga kwenye arusi, watu wa mtaa wa pili walijua bibi arusi katoka nje. Binti ndiye aliyekuwa mgumu kuelezeka. Nadhira alikuwa daktari wa chuo kikuu, Dar es Salaam, na kila mama yake alipolitamka hilo neno daktari, aliyekuwa akimsikiliza alikunja gauni na kutoa goti ili litazamwe.

Hapo Bi Sihaba alilazimika kueleza kwamba huyu si daktari wa magoti. Ni daktari wa kompyuta. La, hatengenezi kompyuta zilizoharibika, anatunga lugha. Lugha za nani? Lugha za kuziamrisha kompyuta. Kwani zilizopo hazitoshi? Na hapo maelezo yalimwishia mdomoni, akabaki na fahari yake, hana pa kuiweka.

Aliyemtesa zaidi kwa jambo hilo ni wifi yake, Bi Dija, dada wa marehemu mumewe Abdulswamad. Bi Dija si mtu mbaya, ila ulimi wake haukuwahi kupewa likizo. Siku moja alimpa Nadhira simu yake iliyozima. Nadhira akaigeuza huku na huku, akasema, shangazi, hii mpelekee fundi pale stendi. Tangu siku hiyo Bi Dija alikuwa na wimbo mmoja kila penye kahawa: mtoto kasoma mpaka vitabu vikaisha, na simu ya shangazi yake imemshinda.

Nadhira mwenyewe hakuudhika. Akija nyumbani mwisho wa juma alikaa uani juu ya mbuzi, akamkunia mama yake nazi, na kujaribu kumweleza upya. Alisema kwamba ndani ya mashine moja siku hizi kazi hufanywa na wengi kwa pamoja, wote mbiombio, na balaa huanza pale wawili wanaposhika kitu kimoja, au mmoja anapokishika kikampotea. Programu nyingi huandikwa, zikaanza kazi, ndipo kosa likaonekana, na wakati huo maji yameshamwagika. Yeye alikuwa ametunga lugha aliyoiita Amana. Katika programu iliyoandikwa kwa lugha hiyo, kila kitu hushikwa na mkono mmoja tu, na aliyekishika hana budi kukirudisha, hata umeme ukikatika, hata mashine ikizima ghafla. Programu isiyotimiza sharti hilo inakataliwa kabla haijaanza kazi. Wala halikuwa neno la mdomoni tu. Alikuwa amelithibitisha kwa hesabu, na wataalamu wa nchi za mbali wakaipitia hesabu ile wasione ufa.

Bi Sihaba alielewa kwamba mwanawe ametunga kitu chenye adabu. Zaidi ya hapo alitikisa kichwa, akasema mashallah, na kumwomba asiache nazi nyingi kifuuni.

Basi mwaka huo hospitali moja ya Dar iliamua kuitumia kazi ya Nadhira. Maabara yao ilipokea sampuli za damu kutoka kila upande, na programu mpya, iliyoandikwa kwa Amana mwanzo hadi mwisho, ndiyo ingezigawa kwa mashine za vipimo na kukusanya majibu. Siku ya uzinduzi ikapangwa kuwa Jumatatu. Watakuwepo maprofesa, watu wa wizara, waandishi wa habari. Mzazi wa mtaalamu naye alialikwa, pamoja na jamaa zake.

Hilo neno jamaa Bi Sihaba alilichukua lote. Alikodi Coaster. Akachagua kitambaa cha zambarau, akawapimisha wanawake wote wa mtaa sare, Bi Dija akiwemo, ambaye alisimama mbele ya fundi cherehani akiuliza kama huko hospitali watatengeneza na simu. Kigelegele nacho aliamua kukiweka akiba. Arusi mbili zilimpita akiwa amefumba mdomo, akiwaambia wenye shughuli wamwie radhi, koo linapumzishwa.

Jumamosi yake, kabla ya hiyo safari, alitaka kwanza marehemu Abdulswamad asomewe hitima. Mtu hawezi kwenda kufurahi bila kumkumbuka baba mwenye mtoto. Wanawake wakaja alasiri, wakavua viatu barazani, wakajaa sebuleni hadi ukumbini, Nadhira akiwa kati yao. Chetezo cha ubani kikapita. Mwalimu Batuli, aliyekuwa amewasomesha nusu ya waliokuwepo, akafungua sanduku la juzuu.

Hitima ya mtaa ule ilikwenda hivi. Msahafu mzima ulikuwa katika juzuu thelathini, kila juzuu na jalada lake. Kila mmoja alipewa moja, na wote wakasoma kwa wakati mmoja, kila mtu na aya zake, mpaka nyumba nzima ikavuma. Aliyemaliza aliifunga juzuu yake, akaibusu, akaiweka juu ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe. Meza ikijaa, Mwalimu Batuli alizisoma sura fupi za mwisho, kisha watu wakanyanyua mikono kwa dua. Kwa namna hiyo, kazi ambayo ingemchukua mtu mmoja siku nyingi ilimalizwa na wengi kabla pilau haijapoa.

Na pilau ndiyo iliyoleta mambo. Mpishi wake alikuwa Zaina, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye naye alitaka thawabu za kusoma, akaliacha sufuria chini ya moto mdogo na kuja kuchukua juzuu. Hakuwa amefika mbali ilipoanza kusikika harufu ya wali unaoshika chini. Bi Sihaba ndiye aliyeisikia kwanza. Alimtazama Zaina, akampa ishara ya jicho kuelekea jikoni, na Zaina akainuka mara moja.

Sasa, mtu aliyelelewa vizuri haiachi juzuu ya Kurani mkekani watu wakairuka, wala haiachi wazi. Zaina alifanya kama alivyofunzwa tangu utotoni. Aliifunga, akaibusu, akaiweka juu ya meza penye kitambaa cheupe, akaenda zake jikoni akijua atarudi kuichukua. Jikoni kukawa na sufuria la kuepua, mkaa wa kupunguza, nyama ya kupindua, na muda ukaenda.

Sebuleni mvumo ukapungua, sauti zikabaki chache, kisha ikabaki moja, nayo ikaisha. Mwalimu Batuli akatazama meza, akaona juzuu zote zimerudi, akaanza sura za mwisho. Alikuwa ameshafika kwenye Fatiha, na mikono ya watu ilikuwa inaanza kunyanyuka, Zaina alipotokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Mwalimu, nisamehe," alisema. "Juzuu yangu sijaimaliza. Nimeiachia kwenye Sura Maryamu."

Bi Dija akasema kwa sauti ya chini kwamba Mungu anajua nia ya mtu, na wali nao unajua kupoa. Bi Sihaba alimtazama Mwalimu kwa matumaini, maana kosa la kumwita mtu katikati ya kisomo lilikuwa lake, na hakupenda likae hapo mbele ya watu. Lakini Mwalimu Batuli aliteremsha mikono.

Alisema nia imeshaandikwa, na aya hazijasomwa. Akazipangua juzuu pale mezani mpaka akaipata ile, akamkabidhi Zaina. Zaina akaufuta mkono wake, akaenda kutia udhu, akakaa pale mlangoni, akasoma kutoka alipoachia mpaka mwisho, na wanawake wote wakimsikiliza. Ndipo dua ikaombwa.

Wakati masinia yanateremshwa, Bi Sihaba alitupa jicho akitafuta mwanawe, asimwone. Nadhira alikuwa uani, amekaa kwenye mbuzi pasipo nazi, kompyuta magotini, mtandio umemdondoka mabegani. Mama yake akamsogezea sahani ya pilau. Hakuitazama.

"Mama," alisema, "Zaina asingerudi, ni nani kati yenu angejua?"

Bi Sihaba akafikiri, akasema hakuna. Juzuu ikishafungwa, iliyosomwa na isiyosomwa zinafanana.

"Basi mashine zangu nimezifunza adabu ile ile ya Zaina."

Akamweleza, na safari hii Bi Sihaba alifuata neno kwa neno, kwa sababu kila kitu alikuwa amekiona muda mfupi uliopita kwa macho yake. Sampuli ni juzuu. Mashine ya vipimo ni msomaji. Umeme ukikatika kipimo kikiwa katikati, programu huirudisha sampuli kwa heshima zote, kama Amana inavyoamuru: haikupotea, haikushikwa na wawili. Ila mahali inaporudishwa ni pale pale penye zilizokwisha. Ugonjwa ambao ulikuwa bado haujatafutwa unahesabiwa kuwa umetafutwa na haupo. Daktari ataitazama meza, ataona imejaa, atamwambia mgonjwa nenda nyumbani, huna kitu.

"Si ulisema umethibitisha?" mama yake aliuliza.

"Nilithibitisha kwamba kitarudi. Sikuthibitisha kwamba kimekwisha. Hesabu yangu haina kosa, mama. Mimi ndiye niliyeahidi watu zaidi ya hesabu ilivyosema."

Bi Sihaba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa kweli kilichomjia kwanza akilini hakikuwa mgonjwa. Kilikuwa zile sare za zambarau, zimekunjwa kitandani kwake. Halafu Coaster. Halafu uso wa Bi Dija. Akauliza kama haiwezekani uzinduzi ukafanyika Jumatatu, kisha kosa likarekebishwa taratibu, maana aliyeliona ni yeye peke yake. Nadhira akajibu kwamba inawezekana kabisa. Lugha yake inasifiwa kwa uthibitisho wake, na hakuna atakayekwenda kutafuta tena palipokwisha kuthibitishwa. Akiisimamisha leo, jina lake ndilo litakalosimama mbele za watu kama mtu aliyejigamba kabla ya wakati, na huenda hospitali wakatafuta programu nyingine. Akinyamaza, kati ya Jumatatu na siku atakayomaliza kurekebisha, umeme utakatika. Hilo halina shaka, alisema, umeme wetu mnaujua.

Alikuwa akisema huku machozi yanamlenga, na Bi Sihaba akaona kwamba mwanawe haombi ruhusa. Alikuwa ameshaamua. Alichotaka ni mtu wa kukaa naye anapofanya. Hapo zile sare zikamtoka kichwani, akaona haya kwamba ziliwahi kuingia.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Piga simu, mwanangu. Nipo hapa."

Nadhira akampigia Daktari Shuaibu, mkuu wa maabara. Bi Sihaba hakusikia ya upande wa pili. Nadhira hakujitetea, wala hakulizungusha jambo. Alisema kosa ni langu, liko mahali fulani, nimeliona leo, naomba msiwashe. Alipoulizwa atahitaji muda gani alisema hajui. Mtu huyo alikata simu bila kuaga, na Nadhira akabaki ameishika, anaitazama.

Bi Sihaba akainuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaingia ndani. Wanawake walikuwa wanakula. Akasimama katikati ya sebule, akawaambia kwamba safari ya Jumatatu haipo. Kazi ya Nadhira imeonekana ina kasoro, na imesimamishwa.

Mikono ikasimama juu ya masinia. Bi Dija akatua tonge lake.

"Kwa hiyo mtoto kakosea," alisema.

"Kakosea, wifi. Aliyeliona kosa ni yeye, na aliyelitangaza ni yeye, na hakuna aliyemlazimisha. Mimi nimemzaa huyo."

Kifua kilimjaa aliposema hivyo. Alikuwa amengojea miaka mingi kujisifu juu ya Nadhira kwa jambo ambalo kila mtu atalielewa, na hakuwahi kudhani kwamba litakuwa jambo la aibu. Bi Dija akalirudia tonge lake. Ni Zaina aliyenyanyuka na kuchukua sahani nyingine, akampelekea Nadhira uani pilau ya moto.

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi. Mwenzake mmoja chuoni alisikika akisema kwamba lugha iitwayo Amana imekula amana. Nadhira aliibomoa hesabu yake mwenyewe tangu msingi. Kurudishwa na kukamilika, alivyosema, ni vitu viwili, na lugha nzuri haiwezi kuvipa jina moja. Katika Amana mpya, kilichokatizwa kina mahali pake peke yake, kimebeba alama ya pale kilipoishia, na programu yoyote inayothubutu kukichanganya na vilivyokwisha inakataliwa hapo hapo. Kuliandika hilo kulimchukua muda mfupi. Kuthibitisha kwamba hakuna mlango mwingine wa nyuma ndiko kulikompunguza mwili. Alikuja nyumbani, akakuna nazi bila kusema, akarudi mjini.

Hatimaye uthibitisho ukasimama. Aliuandika, akautuma kwa wataalamu, nao wakaukubali na kusema kwamba kosa lile lilikuwamo kwenye lugha nyingine pia, ila hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mwishoni, penye shukrani, baada ya majina ya maprofesa, aliandika: na Bi Zaina wa Dunda, aliyerudi mlangoni kusema hajamaliza. Zaina alionyeshwa karatasi ile kwenye simu, akaomba aisomewe tena, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuisomesha.

Daktari Shuaibu ndiye aliyepiga simu mwenyewe, uzinduzi upangwe upya. Alisema wakati ule alikasirika, na kwamba alipotulia alitafakari akaona hajawahi kupata mtu anayemwuzia kitu akamwambia usikinunue bado. Programu nyingine aliletewa. Kila mwenye programu alimwambia yake haina kosa, na ndiyo maana hakuitaka hata moja.

Sare zikatolewa. Ya Zaina ilikuwa imembana, ikabidi iachiwe mshono. Coaster ikaondoka Dunda asubuhi, ikiwa na zambarau tupu ndani.

Ukumbini pale hospitali waliketishwa safu ya tatu, nyuma ya wakubwa wenye makoti. Nadhira alisimama mbele, mwembamba, akaeleza kwa ufupi, na alipofika kwenye kosa la kwanza hakulipita kwa haraka. Alilieleza lote. Kisha Daktari Shuaibu akasema kwamba maneno yametosha. Kwenye ukuta palikuwa na picha kubwa ya kazi ilivyokuwa ikienda kule maabara wakati huo huo, sampuli zikigawiwa, majibu yakirudi. Akamwamuru fundi azikate umeme mashine za vipimo, hivi hivi, zikiwa katikati ya kazi.

Watu wakanong'ona. Bi Sihaba akashika mkono wa aliyekuwa karibu naye, ambaye alikuwa ni Bi Dija. Mashine zilikufa. Kisha pale ukutani pakatokea mafungu mawili. Upande mmoja zilizokwisha, na majibu yake. Upande wa pili zile zilizokatizwa, kila moja na maandishi yake: imeishia hapa, haijakamilika, isomwe kuanzia hapa.

"Sura Maryamu," alisema Zaina kwa sauti, na safu nzima ya zambarau ikaguna kwa kuelewa, huku makoti ya mbele yakigeuka kutazama kulikoni.

Bi Dija alikuwa bado anatazama ukuta. Akainama sikioni kwa wifi yake na kuuliza, safari hii bila dhihaka, hasa hasa kazi ya huyu mtoto ni nini.

Bi Sihaba hakuhitaji kufikiri.

"Anazifundisha mashine kusema, sijamaliza."

Bi Dija akauliza ni binadamu wangapi wameshindwa kulisema hilo, akiwemo fundi wa ile simu yake. Kule mbele watu walikuwa wameanza kupiga makofi, makofi ya kistaarabu ya watu wa ofisini, na Nadhira alikuwa akiwatafuta kwa macho kule safu ya tatu. Bi Sihaba akasimama, akaweka vizuri mtandio, akavuta pumzi. Kigelegele kikatoka chote, pamoja na cha zile arusi mbili.